MALI BILA DAFTARI: KAZI YA STUDIO NA HAKI YA MWENYE SAUTI

(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha wanamuziki wa tawi letu, Mombasa, siku ya mafunzo ya wanachama)



Wengi wenu mwatujua kwa sura mbili. Mchana tuko pamoja nanyi ghalani na kiwandani, tumevaa nguo za kazi. Jumamosi usiku mwatuona arusini tukiwa na magita na ngoma. Katibu alipotuomba tuseme juu ya kazi ya studio, baadhi yetu waliona haya. Walisema mkutano wa wafanyakazi ni mahali pa kusema habari za mshahara, saa za ziada na likizo, na kwamba nyimbo ni mambo ya starehe.

Tumekuja kuwaonyesha kuwa sivyo. Kuimba ni kazi, studio ni mahali pa kazi, na mtu aweza kupoteza jasho lake mbele ya kipaza sauti kama anavyoweza kulipoteza mbele ya mashine ya kiwanda. Tena siku hizi si nyumba nyingi kati ya zetu zisizo na kijana anayerekodi nyimbo. Kwa hivyo hata wewe usiyejua kupiga gita, maneno haya yanakuhusu.

Kwanza tuwaeleze kazi yenyewe, kwa kuwa mtu husikia wimbo wa dakika tatu akadhani ulifanywa kwa dakika tatu. Studio tunayotumia sisi ni chumba kimoja cha kupanga. Magodoro yamesimamishwa ukutani na mablanketi yamefunika dirisha. Katika vyumba vingine mtaona trei za mayai zimebandikwa tangu sakafuni mpaka darini, ingawa mafundi wenye ujuzi hutuambia kuwa trei hizo hazizuii kelele za nje. Ndani mna kompyuta moja, kisanduku cha kuingizia sauti, kipaza sauti kimoja kizuri, na vyombo vya kusikilizia vya masikioni. Feni huzimwa, maana mlio wake hunaswa pamoja na sauti. Joto la Mombasa mwalijua wenyewe.

Twaingia saa nne za usiku, malori na bodaboda zikianza kupungua. Mahali pamoja pa gita hupigwa mara kumi, mara kumi na tano, kwa sababu waya mmoja ulilia vibaya au mtu alikohoa. Stima ikipotea kabla kazi haijahifadhiwa, twaanza upya. Twatoka alfajiri, na saa moja asubuhi twaingia zamu kama kila mtu. Fundi naye hakai bure. Sisi tukienda zetu, yeye hubaki siku mbili tatu akipanga sauti, hii aipunguze na ile aiinue, mpaka masikio yauma. Mara nyingi hulipwa kwa wimbo, si kwa saa, na hana bima wala likizo. Hatukuja hapa kumtukana fundi wa studio. Yeye pia ni mfanyakazi.

Basi, kazi hii ina historia ndefu pwani yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay ili sauti zao zinaswe na kutiwa katika santuri. Baada ya vita vikuu vya pili mitambo ilianza kuwekwa Nairobi, na katika miaka ya 1950 na 1960 palikuwa na kampani na maduka kadhaa yaliyotoa santuri za Kiswahili. Hapa Mombasa palikuwa na duka la Assanand na santuri zake za Mzuri. Nairobi palikuwa na Equator Sound ya bwana Charles Worrod, iliyokuwa na bendi yake yenyewe. Humo walipita Fadhili William na Daudi Kabaka, na pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka upande wa Zambia.

Siku hizo mwenye mtambo ndiye aliyekuwa mwenye mambo. Mtambo ulikuwa ghali kupita uwezo wa mtu wa mshahara. Mwanamuziki alikuja na gita lake na wimbo wake. Kilichobaki chote kilikuwa cha kampani. Hata urefu wa wimbo ulipimwa na mashine, maana sahani ya kizamani ya mizunguko 78 kwa dakika ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Wengi walilipwa mara moja tu mkononi, wakatia sahihi au kidole wasipopajua, wakaenda zao. Sahani ikiuzwa mia moja au ikiuzwa elfu hamsini, kwao ilikuwa sawasawa.

Mfano mnaoujua wote ni wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika sahani yao huko Marekani. Mwaka 1981 Boney M wakautoa Ulaya. Nyimbo za Kiswahili zilizokwenda mbali kama huo ni chache. Lakini mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga. Wengine husema ni Fadhili William, wengine husema ni Adam Salim, na wengine hutaja majina mengine. Hatukuja kuamua shauri hilo. Twauliza neno moja tu: Ikiwa siku wimbo ulipozaliwa karatasi ingaliandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, ubishi huu ungalitoka wapi?

Baada ya santuri ikaja kanda. Kanda ilikuwa rahisi, na ilileta faida. Hapa Mombasa maduka kama Mbwana Radio yalieneza kanda za taarabu, na sauti ya Juma Bhalo iliyonaswa arusini iliingia katika nyumba ambazo hazikupata kununua santuri. Lakini kilichokuwa rahisi kunaswa kilikuwa rahisi kuibwa. Redio moja yenye milango miwili ya kaseti ilitosha kutoa nakala usiku kucha, na mwenye wimbo asipate hata senti. Kampani kubwa za kigeni zilizokuwa Nairobi zikajitoa moja baada ya nyingine.

Kisha ikaja kompyuta. Kazi iliyohitaji jumba zima na mafundi wa ng'ambo sasa yafanyika katika chumba cha kupanga Magongo au Mikindani. Kijana aweza kurekodi usiku huu na kesho asubuhi wimbo wake ukasikiwa Muscat, London na Lubumbashi bila kumpigia mtu magoti. Huyo ndiye anayeitwa msanii wa kujitegemea. Twakubali kuwa hayo ni maendeleo makubwa. Baba zetu waliopiga muziki wangalifurahi kuyaona.

Lakini jihadharini. Tuliambiwa kuwa mtambo ukishuka bei, mwanamuziki atakuwa huru. Mtambo umeshuka bei, ndiyo. Daftari halikushuka. Zamani nguvu ilikuwa kwa mwenye mashine. Leo nguvu iko kwa yule ambaye jina lake limeandikwa.

Tuwaambie yaliyotupata sisi wenyewe.

Mwaka 2014 tulichanga shilingi elfu tatu tatu, watu watano, jumla shilingi 15,000, tukaingia studio moja ambayo hatutaitaja. Wimbo ulikuwa umetoka kwa mwenzetu mpiga gita. Yeye ndiye aliyeleta mahadhi tangu mwanzo, na mchezo wake wa gita unaoufungua wimbo ndio unaowainua watu vitini. Maneno tuliyatunga pamoja saa ya chakula cha mchana tukiwa tumekaa juu ya magunia. Usiku ule tulipomaliza, fundi aliuliza, "Niandike jina gani?" Tulikuwa tumechoka. Mmoja wetu aliyekuwa na simu nzuri akatoa jina lake na namba yake. Hakuwa na nia mbaya, wala hapana aliyepinga. Fundi naye akajiandikia nusu, kwa kuwa aliongeza ngoma za kompyuta. Hapana karatasi iliyotiwa sahihi. Tukaenda kunywa chai.

Wimbo ukapendwa kidogo kidogo. Ukapigwa arusini, ukapigwa kwenye matatu, watu wakauweka katika simu zao uwe mlio wa kumsikilizisha anayepiga. Fedha hazikuwa nyingi, lakini zilikuja, na zilikuja katika namba moja. Mwenzetu yule alikuwa akitugawia alipokumbuka, mara mia mbili, mara mia tatu, nasi tukashukuru kana kwamba ni zawadi.

Mwaka 2019 mpiga gita wetu akafariki. Tawi lilifanya lililowezekana, mchango ukapitishwa, mazishi yakaenda vizuri. Baada ya arubaini mjane wake akaja kwetu na barua ya shule ya kudai karo. Hakulia. Alisema: "Shemeji zangu, mchango nimeupokea na nawashukuru. Lakini wimbo wa baba watoto naendelea kuusikia kwenye matatu. Fungu lake liko wapi?"

Tuliinamisha vichwa. Tukaenda kutafuta. Mahali pa mtunzi palikuwa na majina mawili, la mwenzetu mwenye simu na la fundi. La marehemu halikuwako. Tukarudi studio kuomba zile sauti za kila chombo mbalimbali, ili gita lake lisikike peke yake na liwe ushahidi. Tukaambiwa kompyuta iliharibika na vyote vilivyokuwamo vimepotea. Mwenzetu mwenye simu, na tumsifu kwa hilo, alikubali mbele ya wazee kuwa nusu yake igawanywe kwa watano na fungu la marehemu liende kwa mjane. Linakwenda mpaka leo. Lakini nusu ile nyingine haikurudi. Tulikwenda mara tatu tukarudi mikono mitupu, maana hatukuwa na karatasi ya kusimama nayo, wala hata risiti ya shilingi 15,000 tulizolipa.

Ndugu wanachama, hatusemi kuwa tuliibiwa. Twasema tuliacha mlango wazi. Mchango tuliompa mjane ulikuwa huruma. Alichokuja kukiuliza kilikuwa haki. Nanyi mwajua kwamba chama cha wafanyakazi kiliundwa kwa sababu watu walichoka kupewa huruma mahali pa haki.

Baada ya hapo tulijifunza sheria, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua haki za watu wa namna tatu katika wimbo mmoja. Wa kwanza ni mtunzi wa mahadhi na maneno. Wa pili ni mwenye rekodi, na sheria husema huyo ni yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa. Si lazima awe mwenye kompyuta. Wa tatu ni waimbaji na wapigaji ambao sauti zao zimenaswa. Mtu mmoja aweza kuwa na haki zote tatu, au zikagawanyika kwa watu kumi. Haki ya mtunzi huendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki ya rekodi ni miaka 50. Hesabuni wenyewe. Kama jina la mpiga gita wetu lingaliandikwa, fungu lake la utunzi lingaliwasaidia watoto wake mpaka mwaka 2069 kwa uchache.

Tena sheria husema kuwa haki haiwezi kuuzwa wala kukabidhiwa mtu kabisa bila maandishi yaliyotiwa sahihi. Hiyo ni ngao yetu. Lakini ngao hiyo haimsaidii mtu ambaye hawezi kuonyesha kwamba haki ilikuwa yake tangu mwanzo.

Chukueni milio ya simu. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kuwa fungu lao ni dogo mno. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakaweka kwamba katika fedha za milio hiyo msanii au mwenye haki asipate chini ya asilimia 52, kampani ya simu asilimia 39.5, na yule wakala wa katikati asilimia 8.5. Ni ushindi, na ulipatikana kwa sababu wasanii walipiga kelele pamoja. Lakini nani ndiye mwenye haki? Kampani ya simu haijui nani alipiga gita. Inamlipa aliyeandikwa. Asilimia 52 ya sheria nzuri ilimpita mjane wetu mlangoni kwa sababu ya jina moja kukosekana.

Chukueni pia nyimbo zinazosikilizwa kwa mtandao. Spotify ilifunguliwa Kenya mwaka 2021, na ziko nyingine kama Boomplay na Mdundo, na YouTube ambayo wote mwaijua. Vijana hudhani kila mara wimbo unaposikilizwa pana bei maalum inayolipwa. Huko Spotify sivyo. Fedha za mwezi hutiwa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kadiri kila wimbo ulivyosikilizwa kati ya nyimbo zote. Mwenye wasikilizaji wengi huchota kwa ndoo, sisi twachota kwa kijiko. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haupati kitu katika chungu hicho. Kule YouTube nako, ili kugawana fedha za matangazo ya video za kawaida, njia moja ni kupata wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka. Mchuma chai hupimiwa kilo akiiona mizani kwa macho yake. Sisi mizani yetu iko mbali, na hatukushauriwa ilipowekwa.

Katikati yako pia wako mawakala wa kupeleka nyimbo mitandaoni. Wengine hutoza ada kila mwaka, wengine hukata fungu katika mapato. Mwulize wakala kabla ya kumpa wimbo: Nikiacha kulipa ada, wimbo wangu utabaki au utaondolewa? Na akaunti itakuwa kwa jina la nani? Jihadharini vile vile na ngoma za kompyuta zinazouzwa kwa bei rahisi. Mara nyingi ngoma hiyo hiyo imeuzwa kwa watu mia, na siku wimbo wako ukianza kupendwa mtu wa nchi nyingine hudai kuwa ni wake.

Viko pia vyama vya kukusanya fedha mahali nyimbo zinapopigwa, kama redioni, hotelini na kwenye matatu. Vimo vya watunzi, vya wenye rekodi, na vya waimbaji na wapigaji. Kumekuwa na mivutano mingi juu ya vyama hivi, na mashauri yamefika mahakamani zaidi ya mara moja. Ushauri wetu ni kwamba usijiandikishe kwa uvumi. Uliza Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya, inayotoa vibali, ni chama gani chenye kibali wakati huu, kisha uliza chama hicho hesabu zake kama unavyomwuliza mweka hazina wa tawi hili.

Ndugu, sasa tutoke Kenya kidogo, tuwaletee habari za wafanyakazi wenzetu wa zamani, maana zina mafunzo mawili. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa na kiongozi mmoja shupavu, James Petrillo. Wanamuziki waliona kuwa redio na hoteli zinapiga sahani mahali pa kuajiri bendi. Walikuwa wakijinasa sauti wao wenyewe, kisha sauti hiyo iliyonaswa ikiwafukuza kazini. Basi tarehe 1 Agosti 1942 waligoma. Hawakugoma kupiga muziki, waligoma kurekodi. Mgomo ukachukua zaidi ya miaka miwili. Kampani ya Decca ilikubali mwaka 1943, na zile mbili kubwa zaidi, Victor na Columbia, zikakubali Novemba 1944. Mapatano yalikuwa kwamba kwa kila sahani inayouzwa, kampani itie kiasi kidogo katika mfuko wa chama, na mfuko huo uwalipe wanamuziki wapige bure kwa ajili ya wananchi.

Fundisho la kwanza ni kwamba hawakuipinga mashine. Waliitaka mashine iwalipe. Fundisho la pili ni chungu. Waimbaji hawakuwa wanachama wa chama kile. Wapigaji walipoweka vyombo chini, kampani ziliwachukua waimbaji, zikawarekodi pamoja na kwaya bila vyombo, na sahani zikaendelea kutoka. Mgomo ulidhoofika mahali pale pale ambapo umoja haukufika. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sisi hatuwezi kuiga mgomo ule kama ulivyo. Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamhesabu mfanyakazi kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara, na kijana anayerekodi chumbani hana mwajiri wa kukaa naye mezani. Anajitegemea, na anayejitegemea mara nyingi yuko peke yake. Lakini katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake, na inaiagiza serikali iilinde mali ya ubunifu ya wananchi wa Kenya. Tunaweza kufanya machache ambayo hayangojei sheria mpya.

La kwanza ni karatasi moja. Kabla kipaza sauti hakijawashwa, andikeni katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi: jina la wimbo na tarehe, nani ametunga mahadhi na nani ametunga maneno, na fungu la kila mmoja, nani amepiga na kuimba nini, nani amelipa studio na kiasi gani, rekodi ni ya nani, fundi atapata nini, malipo ya mara moja au fungu, au vyote viwili, fedha zitaingia namba ya nani na zitagawanywa siku gani ya mwezi, na mmoja akifa, fungu lake lipewe nani. Kila mtu atie sahihi, na mashahidi wawili. Kila mtu apige picha ya karatasi hiyo kwa simu yake aondoke nayo.

La pili ni sauti zenyewe. Usitoke studio bila nakala ya kila chombo mbalimbali. Iweke mahali pawili. Kompyuta huharibika, studio huhama.

La tatu ni kuandikisha. Kazi ya sanaa inalindwa tangu inapowekwa katika hali ya kudumu, hata bila kuandikishwa, lakini cheti cha Halmashauri ya Hakimiliki ni shahidi asiyekufa wala kusahau.

Tunajua kuna watakaosema: Kati ya ndugu, karatasi ya nini? Huko ni kukosa kuaminiana. Nasi tulisema hivyo hivyo mwaka 2014. Karatasi haivunji udugu. Kukosa karatasi ndiko kulikotufanya tukaangaliana kwa jicho baya, na kumfanya mjane aje kuomba kilichokuwa chake. Mbona kati yetu na mwajiri hatukubali mapatano ya mdomo? Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sasa, Ndugu Mwenyekiti, tuna neno ambalo si jepesi kulisema, lakini twaomba mtuvumilie. Kabla ya kuwaonya watu wa nje tusafishe nyumba yetu. Kwaya ya tawi hili ilirekodi wimbo kwa ajili ya sherehe za Mei Mosi. Tawi lilitoa fedha za studio. Wanakwaya, wengi wao dada zetu wa zamu ya usiku, walitoa sauti zao na siku zao mbili za mapumziko. Wimbo umepelekwa mtandaoni kwa jina la tawi, na twafurahi kuusikia. Lakini hapana karatasi. Na sheria ile ile husema kuwa kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imekwenda kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamepatana vingine. Maana yake ni kwamba leo, bila kutaka wala kujua, sisi chama cha wafanyakazi huenda ndio tulioishika mali ya wafanyakazi wetu wenyewe kwa sababu hawakuandikiwa kitu.

Wimbo huo haujaleta fedha za kugombaniwa. Ndiyo sababu ya kulitengeneza jambo hili sasa, wakati hapana aliyekasirika. Kwa hivyo tunaleta maombi mawili mbele ya mkutano huu, nasi twaomba yapigiwe kura.

Ombi la kwanza: tawi na kwaya waandikiane mapatano kabla ya mwisho wa mwezi, majina yote ya wanakwaya na ya aliyetunga wimbo yawekwe, na mafungu yajulikane, hata kama fungu lenyewe leo ni senti.

Ombi la pili: ofisi ya tawi iweke daftari la nyimbo. Mwanachama yeyote, au mtoto wa mwanachama, anayetaka kurekodi, aje apewe ule ukurasa mmoja, na nakala iliyotiwa sahihi ihifadhiwe ofisini pamoja na karatasi nyingine za chama. Gharama yake ni daftari na wino. Sisi wanamuziki wa tawi tutakuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bila malipo, kuwasaidia vijana kuujaza.

Mjane tuliyemtaja yuko pamoja nasi leo, amekaa nyuma na mwanawe wa kwanza. Kijana huyo amelirithi gita la babake, na mwezi ujao anaingia studio kwa mara ya kwanza. Ametuomba tumfundishe mchezo ule wa gita unaoufungua wimbo wa babake, nasi tumeanza kumfundisha. Twataka ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uwe wake.

Ndugu wanachama, hayo ndiyo tuliyokuja nayo. Maswali tutayajibu kadiri tujuavyo. Umoja ni nguvu.